Novena ya Katekista Wetu

Siku tuliyomzika, kila aliyeshika kipaza sauti alisema Katekista alikuwa mtu aliyeishi karibu na Mungu. Padre alisema, mwenyekiti wa jumuiya yetu akasema, na hata rafiki yake wa Ujiji, Mwislamu mwenye mitumbwi pale ufukweni Kibirizi, alisimama na kanzu yake safi akasema. Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake wenzangu, mwiko mkononi, nikaendelea kukoroga. Sisemi kwamba walidanganya. Lakini najua mwenyewe angeyasikia maneno yale angeinamisha kichwa na kujikuna nyuma ya sikio, kama alivyofanya kila mtu alipomsifia.

Basi nitasema ninayoyajua mimi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, ndugu zake wapo Kasulu, waulizwe wao. Mimi nilikuwa jirani yake mtaani Buzebazeba, ukuta kwa ukuta, na kabla ya kuwa jirani nilikuwa mmoja wa watoto aliowafundisha kusali. Mikono yangu niliunganishiwa na yeye, kidole kwa kidole, kwa sababu nilikuwa napenda kuikunja kama mtu anayeficha pipi.

Alikuwa na sauti mbaya, tuanzie hapo. Kwaya yetu ilikuwa na mwalimu wake, kijana mwenye kinanda cha umeme, lakini Katekista hakuwa na subira ya kungoja kinanda. Ibada ikitulia kidogo tu, yeye huyo ameanzisha wimbo, na ameuanzishia juu mno, kiasi kwamba kina mama tunafika kwenye kiitikio tumekodoa macho. Kijana wa kinanda alikuwa akihangaika kumtafuta, akimpata tayari ameshahamia kwingine. Tulicheka, na yeye alijua tunacheka, na Jumapili inayofuata alirudia.

Koti lake lilikuwa jambo jingine. Kigoma ina joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa tu, lakini yeye hakwenda kwa mgonjwa wala msibani bila koti. Ufunguo wa kanisa hakumpa mtu. Kufagia alifagia mwenyewe, alfajiri ya Jumapili, na ukimkuta ukataka kumsaidia anakupa kona ndogo ya kukuridhisha kisha anaifagia upya ukishageuka. Kwenye meza yangu ya dagaa Kibirizi alikuwa mkorofi kabisa. Anainama, anachota kiganja, anachambua punje za mchanga moja moja mbele ya wateja wangu, huku anasema kwa sauti, "Huyu mwanafunzi wangu huyu, dagaa wake wazuri, ila unakula na Kibirizi yenyewe." Halafu ananunua wengi na kuwapeleka kwa wajane.

Watoto wakikimbiza Baba Yetu ili wakacheze, aliwasimamisha. "Mnakimbilia wapi? Hakuna anayewafukuza." Vijana wakisali kwa kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, aliwaambia, "Punguzeni, Mungu si kiziwi." Ya kwanza aliisema mpaka mwisho. Hii ya pili aliiacha, na sikumbuki ni lini, nilikuja tu kushtuka kwamba siku nyingi sijaisikia.

Kigango chetu kina Katekista mmoja na padre anayekuja akipata nafasi. Kwa hiyo Jumapili nyingi ni yeye aliyesimama mbele, akasoma, akafundisha. Wafu alizika yeye. Mitumbwi mipya ilipoingizwa majini alikwenda yeye na maji ya baraka, na hapo usishangae, hata wenye mitumbwi wasiokuwa Wakristo walimwita. Yule rafiki yake wa Ujiji alikuwa akimwambia, "Wewe nyunyiza, na imamu wangu naye atasoma dua, tusimkose aliye zamu." Mtumbwi aliounyunyizia ukirudi umejaa, sifa zote kwake. Sala za Katekista zina nguvu, watu walisema. Anaombea, na inakuwa.

Habari ya kilichompata nililetewa na yeye mwenyewe, mchana, pale pale Kibirizi. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapumzika kwa sababu taa zao hazishindani na mwezi, na ufukweni kulikuwa na wanawake wachache tu tukigeuza dagaa wa mwisho juani. Alikuja bila koti. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniuliza, "Hivi wewe ukisali unasikiaje?"

"Nasikia njaa, Katekista," nikamwambia, maana nilidhani tunataniana kama kawaida.

Akacheka. Akacheka vizuri kabisa, halafu akasema, "Mimi zamani nilikuwa nasikia mtu. Hasemi, simwoni. Kama vile uko nyumbani na mwenzio yuko chumba cha pili, hamwongei, lakini unajua yumo. Sasa hayumo. Naita, nyumba tupu."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema muda mrefu. Nikamuuliza ni nini kilitokea, na yeye akatikisa kichwa. "Hakuna. Ingekuwa nimefiwa ningesema ni msiba. Ingekuwa nimekosa ningeungama. Nimekaa nimetafuta kosa, nimeungama hata ya utotoni, ya kuiba miwa. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nafagia kanisa siku moja nikaona niko peke yangu."

 Nilimfungia dagaa, nikamwongezea na wa juu yake, kana kwamba ndicho alichokuja kutafuta. Akanishukuru akaenda zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa sote baadaye, kila mtu alimpa alichokuwa nacho.

Mkewe, tuliyemwita Mama Katekista, alikuwa na imani na hospitali. Akampeleka kupimwa, wakakuta presha iko juu kweli, akapewa vidonge. Alivimeza bila kukosa. Mwezi uliofuata nilimuuliza Katekista anaendeleaje, akaniambia kwa upole, "Presha imeshuka. Mwenyewe hajarudi." Akaniacha nimesimama getini na ndoo yangu ya maji.

Padre, ambaye ni mtu mwema na amesoma, alimwambia hata watakatifu walipita huko, kwamba ukavu wa namna hiyo ni neema, Mungu humvuta mtu kwa kumwachia. Katekista alinisimulia hayo tukiwa tumeketi kibarazani kwake, mkewe anachagua mchele.

"Neema?" mkewe akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia Padre, basi naomba nipumzike, asimame mwingine mbele ya watu mpaka neema hii iishe. Akaniuliza, mwingine nani?"

Tukatazamana watu watatu. Hakukuwa na mwingine. Kijana wa kinanda alikuwa amekwishakwenda Dar es Salaam, na mwenyekiti wa jumuiya haoni vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa imekaliwa na mjukuu. Jumapili ile Katekista alisimama kama kawaida, akaanzisha wimbo juu.

Aliyemshangaza zaidi ni rafiki yake wa Ujiji. Walikuwa na desturi ya kusikiliza mpira redioni jioni, mmoja shabiki wa huku, mmoja wa kule, wakigombana mpaka wanasahau kuhesabu magoli. Siku moja Katekista akamfungulia moyo. Yule mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akapunguza redio. "Katekista, mimi naswali tangu mdogo. Sijasikia kitu hata siku moja. Kwani wewe ulikuwa unasikia?"

Katekista alinisimulia hili akicheka mpaka machozi. "Mwenzangu hajawahi kuwa nacho, na amani anayo! Mimi nilikuwa nacho kikaondoka, ndiyo maana nateseka." Alifuta macho kwa mkono wa shati, na nilipomwangalia sikuwa na uhakika tena kwamba anacheka.

Nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Mwanangu mdogo alikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza wakati huo. Akarudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa amemuuliza Katekista Mungu yuko wapi, kwa sababu kitabuni imeandikwa yuko kila mahali, na Katekista, ambaye zamani zetu swali hilo alilijibu kwa kugonga meza, alikuwa amemjibu, "Ndivyo tulivyofundishwa, mwanangu." Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani yeye hajui?" Nikamwambia ale chakula.

Kwa wagonjwa ndiko nilikokuwa siwezi kumwelewa. Ukimwona na mtu anayekata roho, ungesema hakuna binadamu mwenye imani zaidi yake. Mama yangu mwenyewe alifia mikononi mwake. Alikuwa na hofu, mama yangu, alikuwa ananing'ang'ania hadi kucha zinaniingia, na Katekista akaketi pembeni ya kitanda na koti lake, akamsemesha kwa Kiha, polepole, kwamba Imana, ndiye Mungu, yuko hapa, amekaa hapa hapa na sisi, hakuna haja ya kuogopa. Mama akaniachia mkono. Akaenda ametulia. Nitamshukuru Katekista kwa hilo maisha yangu yote.

Ni baada ya arobaini ya mama ndipo nilipomuuliza. Nilitaka kujua kama siku ile alisikia kitu, angalau siku ile. Akasema, "Ninapomwambia mgonjwa yuko hapa, mgonjwa ananiamini, anatulia. Mimi nabaki pale natazama chumba, nauliza, yuko upande gani?"

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia sana, kwa sababu tangu siku hiyo na mimi nilipokuwa napiga magoti nilikuwa nasikiliza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nilikuwa nasema maneno yangu na kulala. Na ukianza kusikiliza, unasikia friji. Nilipita kwake bila kubisha hodi kwa muda, na yeye hakuniuliza sababu.

Sasa hiyo novena.

Jumuiya yetu hukutana nyumba kwa nyumba, mchana wa katikati ya wiki, kila nyumba kwa zamu. Tunasoma Neno, kila mtu anasema limemgusaje, tunaombeana, tunaagana. Siku hiyo tulikuwa kwa jirani yetu mmoja, mama wa asili ya Kongo aliyevuka ziwa miaka ya vita. Somo lilikuwa lile la wanafunzi kwenye chombo, dhoruba, na Bwana amelala. Watu wakasema waliyozoea kusema. Ilipofika zamu ya Katekista akafunga kitabu. "Mimi simsikii Mungu," akasema. "Ni muda mrefu sasa. Nasimama mbele yenu kila Jumapili nikiwa hivyo. Nimeona niwaambie."

Nilijua ilimgharimu nini.  Nadhani alitaka mtu amuulize swali, au aseme, "Hata mimi." Ningeweza kulisema mimi, lilikuwa mdomoni. Lakini mwenyeji wetu alishasimama. "Baba, Mungu iko! Iko kabisa! Mie nilivuka hii ziwa na batoto, aliniona!" Na mwenyekiti naye, mama mwenye moyo mzuri kuliko wote ninaowajua, alikuwa tayari amepata dawa. Tumfanyie Katekista novena, sala za siku tisa mfululizo. Nyumbani kwake, kuanzia kesho, Novena ya Roho Mtakatifu, jumuiya nzima.

Kesho yake tukajaa kwenye mikeka ya Mama Katekista. Yeye tulimketisha kwenye kiti katikati, kama mgonjwa, na amri ya mwenyekiti ilikuwa kwamba asifanye lolote, leo yeye anaombewa. Mwenyekiti akaanza. Miwani haikuwepo. Akaanza sala ya kwanza kwa kichwa, akafika katikati akaingia kwenye sala nyingine, tukamfuata huko, tukapotea wote. Akarudi mwanzo. Litania, ile sala ndefu ya kuitikia, hakuna aliyeikumbuka kwa mpangilio. Maana tumezoea nini sisi? Miaka yote ni Katekista anayeongoza, sisi ni kuitikia, na kuitikia tunajua mpaka usingizini.  Macho yote, bila mtu kupanga, yakaenda kwenye kiti.

Katekista akanong'ona neno linalofuata. Mwenyekiti akalidaka, akaendelea, akakwama tena. Akanong'ona tena. Kabla ya litania kwisha alikuwa amesimama, anaongoza yeye.

Na siku zilizofuata hatukujisumbua hata kuanza. Tulikuwa tunakuja, tunaketi, yeye anasimama mbele ya kiti chake mwenyewe. "Tumwombee Katekista wetu, ili Bwana amrudishie furaha ya imani." Na sisi wote, kwa nguvu, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Alilisema kwa sauti timamu, bila kuruka neno, kama ambavyo angemwombea mtu mwingine yeyote. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Nilimwangalia Mama Katekista, na yeye alikuwa anaitazama mikono yake.

Siku ya kufunga novena tulipika. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, soda za watoto. Watu walikuwa na furaha ya kweli, na siwezi kuwalaumu, walikuwa wameacha biashara na mashamba mchana kutwa kwa ajili yake. Baada ya sala ya mwisho mwenyekiti akamgeukia, mikono ameishika kifuani. "Katekista, haya tuambie. Unajisikiaje sasa?"

Aliangalia sufuria. Akawaangalia watu mmoja mmoja, mwenyekiti, mama wa Kongo, mwanangu aliyekuwa na soda yake. Nilijua anachoona. Aseme hapana mbele ya nyuso zile?

"Najisikia vizuri," akasema.

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mama Katekista hakupiga. Alichukua sahani akaanza kupakua.

Tangu hapo mlango wake ulifungwa, na tulioufunga ni sisi. Katekista aliombewa, akapona, ushuhuda ukatolewa hata vigango vingine. Akijaribu kugusia, mtu anamkatiza, "Usimpe shetani nafasi, Katekista, umeshashinda." Wenye shida walizidi kumfuata kwa sababu sasa alikuwa na historia. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiache tu, akae nyumbani, asikilize mpira wake. Alinishangaa. "Niache niende wapi? Na kanisa lifagiwe na nani?" Hilo la mwisho alilisema kwa ukali kabisa, kama vile nimeutaka ufunguo.

Mara ya mwisho nilimwona kijijini Simbo. Figo zilikuwa zimemchosha, na binti yake, anayelima huko, alikuwa amewahamishia kwake yeye na mama. Nilikwenda kwa bodaboda mchana, na dagaa kwenye mfuko na chupa ya mawese. Mama Katekista alikuwa nje anamenya muhogo. "Ingia," akaniambia, "ametoka kumbariki mtoto wa watu sasa hivi. Hata huku wamemfuata."

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Umeleta dagaa au mchanga?"

Alikuwa amekonda, na miguu imevimba. Koti lilikuwa limetundikwa msumarini. Tukaongea habari za Buzebazeba, nani kaoa, nani kahama kwa ajili ya maji ya ziwa yaliyopanda. Halafu akaishiwa pumzi, akapumzika, na akasema, "Niombee."

Nilishikwa na woga. Ni yeye aliyenifundisha kusali, na tangu kifo cha mama nilikuwa nasali kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. "Nikuombee upone?"

"Hapana. Wameomba wengi."

"Nikuombee imani basi?"

"Hiyo niliiomba mwenyewe, ulikuwepo." Akatabasamu kidogo. "Wewe mwambie tu kwamba nimehama. Mwambie niko huku Simbo. Asije akanitafuta Buzebazeba akakuta nyumba imefungwa."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshafumba macho, na mikono ameiunganisha juu ya shuka, kidole kwa kidole.

Basi nikasali. Nikasema, "Mungu, Katekista wetu amehama Buzebazeba. Anaumwa. Yuko Simbo kwa binti yake. Ukitoka barabara kuu unapita mashine ya kusaga, unakata kushoto..."

"Kulia," akasema, macho yamefumbwa.

"Unakata kulia. Nyumba ya bati, ina michikichi miwili mbele. Chumba cha kwanza ukiingia. Amina."

"Amina," akasema.

 Tulisikiliza, nakiri kwamba tulisikiliza wote wawili. Nje kisu cha Mama Katekista kilikuwa kinaendelea kwenye muhogo, na mashine ya kusaga ilisikika kwa mbali. Kisha mtu akabisha. "Hodi humu!"

Katekista alifumbua macho. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni kwa haraka ambayo sikudhani mwili ule bado unayo, akajinyanyua kwa kiwiko, uso wake wote uko pale mlangoni.

Alikuwa ni jirani, amerudisha sufuria.

"Karibu," Katekista akasema. Nilimsaidia kulala tena.